Kaka Thadei Mezani kwa Herminia

Siku ya nne tangu kaka yake atue London, Sesilia Mligo alijifungia bafuni, akafungulia bomba ili maji yapige kelele, akasema kwa sauti, "Ee Mungu wangu, bado siku kumi na saba."

Hakuwa mtu wa kukasirika ovyo. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Plumstead, kazi ya kuogesha, kuvisha na kulisha, na kwa miaka mingi alikuwa ametukanwa na watu waliopoteza kumbukumbu na watu wenye kumbukumbu zao timamu, bila kuinua sauti. Lakini wale hawakuwa kaka zake. Zamu ikiisha, aliwaacha kulekule akarudi nyumbani. Huyu alikuwa nyumbani.

Thadei alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi karibu na Uwemba, Njombe, mwenye umri wa miaka sitini na sita. Alikuja Mei 2015 kwa wiki tatu ili, kwa maneno yake, amwone mdogo wake na aone anavyoishi. Na kweli aliona. Aliona kwamba chai ya mifuko haina rangi. Aliona kwamba mlango wa fleti ya Thamesmead ukijifunga umejifunga, akabaki nje mara mbili na kandambili zake miguuni. Aliona kwamba Dinah, binti wa Sesilia mwenye miaka kumi na sita, anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na kwamba shikamoo yake inatoka kama mtu anayekohoa. Sembe aliyokuja nayo kwenye begi ilikwisha siku ya tano. Sesilia akanunua nyingine duka la jirani. Thadei akainusa, akairudisha kabatini.

"Hii imekaa stoo," alisema. "Nyie huku mnakula nini hasa?"

"Tunakula, Kaka. Si unaniona? Nimekonda?"

"Hujakonda. Ndiyo maana nauliza."

Kitu kimoja tu katika wiki nzima kilikuwa mali ya Sesilia mwenyewe, nacho ni Alhamisi. Alhamisi hakuwa na zamu. Alipanda basi la 177, akaketi ghorofa ya juu, akasinzia mpaka Peckham. Huko aliteremka, akapita kichochoro nyuma ya duka la matairi, akaingia kwenye mgahawa wa Waperu wenye meza tisa zilizotandikwa plastiki, na dirisha lenye mvuke toka asubuhi hadi jioni. Waliokula pale walikuwa wafagiaji wa ofisi waliotoka zamu ya alfajiri, mafundi ujenzi, madereva. Kwa pauni saba ulipata supu, sahani ya pili na glasi ya juisi ya mahindi meusi, na ile supu peke yake ilitosha kumlaza mtu mzima usingizi. Sesilia alikula peke yake, polepole, bila kuongea na mtu isipokuwa Herminia mwenye mgahawa. Hakuna aliyemwomba chochote.

Alhamisi ya kwanza ya ugeni ule, alipotoka chumbani amevaa koti, alimkuta Thadei amesimama mlangoni na kofia kichwani.

"Nakuja," alisema Thadei.

"Kaka, ni mbali. Utachoka."

"Nilikuwa natembea kwa miguu Uwemba mpaka Njombe mjini. Nitashindwa kukaa kwenye kiti cha basi?"

Basi lile lilichukua saa moja na robo. Thadei alisoma kwa sauti kila kibao walichokipita: Woolwich, Greenwich, Deptford, duka la miwani, kinyozi, hapa hakuna maegesho. Sesilia hakusinzia hata kidogo.

Mgahawani mambo yalianzia kwenye ubao wa bei. Thadei alizidisha kichwani, akatangaza kwamba pauni saba ni zaidi ya elfu ishirini, na kwa pesa hiyo Njombe mtu anapata viazi madebe mawili na mtu wa kumbebea. Sesilia akamwambia kwamba kwa London hiyo ni bei ya bure. Thadei akaletewa samaki wa kuonja, wale wanaokatwa vipande na kulowekwa kwenye maji ya ndimu na vitunguu.

"Huyu hajaiva."

"Ameivishwa na ndimu, Kaka."

"Ndimu haina moto."

Akasukuma sahani pembeni. Ikaja supu, akasema ina chumvi. Ikaja sahani ya pili, ambayo Herminia aliitaja kwa fahari: kaukau. Thadei akachangamka kidogo, akitegemea kitu kikavu cha kutafuna, akakuta mchuzi mzito wa manjano, viazi vilivyokatwakatwa vidogo, harufu ya nanaa, na vipande vyeupe alivyovitambua mara moja.

"Sesilia. Huu ni utumbo."

"Ni utumbo, ndiyo."

"Nimepanda ndege mbili, nimevuka bahari, nimekuja Ulaya kula utumbo?"

Herminia, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mkia mmoja, alimwona mgeni haguzi chakula. Akaja na kitambaa chake begani, akamwinamia kwa huruma kabisa, akamwambia, "Koma, senyor, koma!"

Thadei akaweka uma chini. "Ananiambia nikome? Mama huyu? Mimi?"

"Kaka, ni Kihispania! Maana yake kula! Anakuomba ule!"

"Sauti yake haikuwa ya kuomba."

Alikula wali peke yake, akaacha mchuzi, akanywa juisi nusu glasi akasema inafanana na dawa ya minyoo. Sesilia alitamani kuingia chini ya meza. Wakati wa kulipa alimnong'oneza Herminia samahani, na Herminia akacheka. "Usijali," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Kaka yangu mimi ni mbaya zaidi. Namshukuru Mungu anaogopa ndege."

Urafiki wa wanawake hawa wawili ulianza mwaka 2002, Croydon, kwenye foleni nje ya jengo la uhamiaji. Sesilia alikuwa na miaka mitano London na makaratasi yake hayajakamilika. Herminia alikuwa na mitatu. Ilikuwa asubuhi ya baridi, upepo unapita katikati ya maghorofa ya ofisi kama uliofunguliwa geti. Herminia alikuwa na mkate wenye yai, akaukata, akampa nusu mtu aliyekuwa nyuma yake bila kuuliza. Kisha akamwuliza jina.

"Sesilia."

"Sesilia," alirudia Herminia, na akalitamka vilevile kama mama yake Sesilia alivyolitamka, s mbili nyepesi na e ya kwanza iliyo wazi. Miaka mitano yote Waingereza walikuwa wakimwita Sisilia. Alijikuta anamshika yule mwanamke mkono.

Baadaye walifagia ofisi pamoja, wakapata makaratasi yao mwaka mmoja, na Herminia alipofungua mgahawa wake, Sesilia ndiye aliyempakia rangi kuta mbili za upande wa jikoni. Lakini kati ya foleni na mgahawa kulikuwa na Machi 2004, mwezi ambao baba yao Sesilia na Thadei alifariki. Pasipoti ya Sesilia ilikuwa bado uhamiaji, imeambatanishwa na maombi yake ya makaratasi. Hakwenda kuzika.

Thadei hakuwahi kumgombeza waziwazi kwa hilo. Afadhali angegombeza. Alichofanya ni kulitia kila mahali kama chumvi. Wakizungumzia mvua: "Wewe huwezi kujua, mwaka ule hukuwepo." Wakizungumzia shangazi fulani: "Alizeeka tangu msiba. Ah, lakini wewe hukuwepo." Sesilia alirudi Njombe mwaka 2008 kwa harusi ya ndugu, mara moja tu, na Thadei alimwonyesha kaburi kwa kidole kutoka barabarani, gari likiwa linaunguruma, kisha akaanza kumweleza habari za paa la shule. Miaka yote ile Sesilia alimeza. Alijiambia, ndiye mkubwa, ndiye aliyebeba, ana haki ya kusema.

Alhamisi ya pili alijaribu kutoroka. Aliamka mapema, akavaa akiwa gizani, akashika viatu mkononi. Thadei alikuwa sebuleni, ameshavaa koti na kofia, anasoma gazeti la bure la juzi.

"Umechelewa," alisema.

"Si ulisema chakula kibaya?"

"Nilisema kina chumvi. Sikusema siji."

Safari hii meza yao ilikuwa ukutani, chini ya picha kubwa ambayo Sesilia alikuwa ameiona mara mia bila kuitazama. Ilikuwa picha ya jiko la kwao Herminia, milimani huko Peru: kuta za udongo zilizokolea moshi, mafiga, chungu, mwanamke aliyejifunga shali, na sakafuni, kati ya miguu yake, vinyama vidogo visivyo na mkia vinatafuna majani.

Thadei alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasimama. Akaikaribia picha mpaka pua ikaugusa ukuta.

"Sesilia! Hawa ni simbilisi!"

Sesilia akainua macho. Ni kweli walikuwa simbilisi, walewale wa jikoni kwao Uwemba, waliokuwa wakikimbilia chini ya kitanda cha mama ukipiga mguu, na waliochinjwa wageni wakija. Thadei alimwita Herminia kwa kupunga mkono kama anayeita darasa zima. Mwalimu alifufuka. Kwa Kiingereza chake cha ubaoni, na mikono, na hata mlio wa simbilisi wenyewe, alimweleza kwamba kwao nao wanafuga hivihivi, jikoni, kwa majani na maganda ya viazi. Herminia akapiga makofi. Aliketi nao kabisa, jambo ambalo hakulifanya kwa mteja yeyote saa sita mchana. Huko kwetu baridi, alisema Herminia. Kwetu pia, alisema Thadei, Juni mpaka umande unaganda. Sisi viazi. Sisi viazi! Thadei akamwuliza kwa nini hapiki simbilisi hapa mgahawani, Herminia akamweleza kwamba watoto wa Kiingereza wanawalaza kwenye vibanda vya mbao na kuwapa majina. Thadei alicheka mpaka akakohoa. Supu ilikuja akainywa yote. Kikaja kiazi cha baridi na mchuzi wa jibini na pilipili ya manjano, akakila akaomba kingine.

Sesilia alipumua. Kwa dakika kama kumi alikula chakula chake kama binadamu mwingine yeyote.

"Baba yetu," Thadei alikuwa akimwambia Herminia, "aliwalisha simbilisi wake kwa mkono wake mpaka siku aliyolazwa hospitali. Tukamzika Machi, mvua kubwa. Watoto wote walikuwepo." Akanyoosha kidole, kwa upole kabisa, kama anayeonyesha mto kwenye ramani. "Isipokuwa huyu. Huyu alikuwa hukuhuku London, anakula vizuri."

Sesilia aliweka kijiko mezani.

"Rudia," alisema kwa Kiswahili.

"Nini?"

"Ulichomwambia huyu mama. Rudia, nisikie vizuri."

"Sesilia, watu wanatutazama."

"Watazame! Miaka kumi na moja unanichomachoma na sindano, Kaka, kwenye simu, kwenye harusi, mbele ya mwanangu, na mimi nasema ndiyo Kaka, sawa Kaka. Leo unanichoma kwenye meza yangu ya Alhamisi! Unajua nilikuwa wapi siku ile? Hujawahi kuniuliza hata mara moja. Nilikuwa chumbani kwa huyu mama unayemweleza habari zangu. Chumba cha watu wanne. Alinilaza kwenye kitanda chake, akanipikia supu ya kuku kwenye jiko la umeme la sahani moja, akaenda kazini kufagia zamu yake na yangu nisije nikafukuzwa. Mama yake yeye alizikwa mwaka uliotangulia, naye hakwenda. Hapo ndipo nilipokuwa nakula vizuri."

Redio ilikuwa inaimba. Mafundi ujenzi wa meza ya pili walikuwa wamesimamisha uma hewani. Herminia hakuelewa hata neno, lakini alimtazama Sesilia, kisha Thadei, akajua ni msiba gani unaozungumzwa. Hakuinuka.

"Na nilikupigia," Sesilia aliendelea. "Nilinunua kadi ya simu, nikakwangua namba, nikakupigia mara saba. Ya kwanza ulipokea ukasema tunatoka kanisani, ukakata. Mara sita hukupokea. Nilitaka tu unishikie simu nisikie wanavyoimba. Ungeiweka hata kwenye majani."

Thadei alikuwa anakitazama kiazi.

"Nilikuwa nayo," alisema. "Ilikuwa inatetemeka hapa." Akagusa kifua, upande wa kushoto, mfuko wa ndani wa koti. "Gari lilikwama kwenye tope chini ya mlima. Tukabeba jeneza begani. Mimi nilikuwa mbele. Kila nikipiga hatua kumi, inatetemeka."

"Sasa mbona hukupokea, baada ya kumshusha?"

"Ningelia."

"Kwani kulia ni dhambi?"

"Mimi ndiye mkubwa. Shule nzima ilikuwa imesimama pale, walimu wangu, padri, watu wa wilaya. Nikasema ngoja yaishe. Yalipoisha nikaona aibu kwamba sikupokea. Na aibu..." Alikuna meza kwa ukucha. "Kukukasirikia wewe kulikuwa rahisi zaidi."

Sesilia alimtazama yule mzee, kofia yake juu ya meza, kola ya shati iliyopigwa pasi na Dinah kwa kulazimishwa.

"Umenikasirikia miaka kumi na moja," alisema polepole, "kwa sababu uliogopa kulia mbele ya padri?"

"Ukilisema hivyo linakuwa la kijinga."

"Ni la kijinga, Kaka!"

"Ndiyo," alisema Thadei. "Ni la kijinga."

Na hapo, mbele ya mafundi ujenzi na redio, alilia, bila sauti, akijifuta kwa karatasi za mezani moja baada ya nyingine mpaka boksi likaisha. Herminia aliinuka akachukua sahani zilizopoa, akazirudisha zikiwa na moto, akaleta boksi jingine la karatasi. Kisha akaenda kuwahudumia watu wake, kwa kuwa saa sita ilikuwa imeshakuwa saa saba na foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Kwenye basi Thadei alianza kusimulia wakiwa bado New Cross. Alisimulia mazishi yote, kitu baada ya kitu, kama anayesahihisha daftari lililolala kabatini. Nani alichimba. Nani alilewa ulanzi akaanguka kwenye udongo uliochimbwa. Jinsi jeneza lilivyokuwa refu kuliko shimo, wakalazimika kusubiri mvuani huku vijana wakichonga ukuta wa kaburi, na mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo ili watu wasisikie majembe. Walipofika Woolwich alikuwa kwenye hotuba ya diwani. Plumstead, kwenye chakula. Sesilia alisikiliza kichwa kimeegemea kioo, machozi yanamtoka na yeye, na mara mbili akacheka. Kituo chao kilipita wakalazimika kurudi kwa miguu.

Ungedhani baada ya hapo Thadei alikuwa mtu mwingine. Wapi! Kesho yake alijifungia nje mara ya tatu. Jumamosi alimsomesha Dinah aina za maneno kwa saa mbili, mpaka mtoto akaja jikoni kumwuliza mama yake, kwa Kiingereza, mjomba anaondoka lini hasa. Alhamisi ya tatu aliingia jikoni kwa Herminia bila kuomba ruhusa, akamwonyesha kwamba viazi vyake anavitia mapema mno, na Herminia akamfukuza na mwiko. Walibishana kwa lugha tatu. Alikula kaukau sahani mbili, utumbo na vyote, akasema sasa chumvi imepungua mno.

Siku ya kuondoka, Heathrow, mizigo yake ilizidi kilo. Alifungua begi mbele ya foleni nzima akataka kujua nani amepima mzani wao. Sesilia alibaki na sweta nne, jozi ya viatu na kamusi. Wakaagana kwa haraka, kwa hasira kidogo, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kuchelewa.

Desemba ile Sesilia alikwenda Njombe na Dinah. Basi kutoka Dar es Salaam liliingia stendi jioni, mvua inanyesha, na Thadei hakuwepo. Alitokea baada ya dakika arobaini, mwavuli mmoja kwa watu watatu, akasema kosa ni lao, hawakumwambia basi la kampuni gani. Asubuhi iliyofuata aliwapeleka kilimani kwa miguu. Alikuwa ameshafyeka njia yote, na amefyeka na kaburi la baba, na pembeni yake ameweka viti viwili vya shule vya mbao.

"Kaa," alimwambia Sesilia. "Hicho cha kushoto. Sicho hicho, hicho kina mguu mbovu. Sesilia, nimesema cha kushoto!"

Sesilia akakaa cha kushoto.